Jinsi ya Kuua Mtaala wa Umahiri Bila Kumwaga Damu

Mtaala mzuri unaweza kuuawa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuupinga waziwazi: kuandika barua, kugoma kwenye kikao cha idara, kubishana na wizara. Njia hiyo ina kelele na aghalabu hushindwa. Ya pili ni kuukubali, kuupigia makofi, kuuandikia makabrasha, kisha kuendelea kufundisha na kutahini kama zamani. Hii haishindwi. Mwongozo huu unahusu njia ya pili. Kila hatua iliyomo ni kweli kabisa, na atakayezifuata zote nane atafanikiwa kuua. Kwa kuwa mimi nautaka mtaala huu uishi, kila sumu nimeiwekea dawa yake hapohapo.

Tuanze na anayeuawa. Mtaala wa umahiri unatokana na elimu inayozingatia matokeo, inayosema jambo jepesi: kabla hujaamua utafundisha nini, amua mhitimu wako atakuwa anaweza kufanya nini. Ukishaamua, rudi nyuma hatua kwa hatua uchague mada, mazoezi na mitihani vitakavyomfikisha pale. Ralph Tyler aliuweka msingi wa wazo hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1949 huko Marekani, na William Spady akaja kulieneza kwa jina linalojulikana leo. Hata hapa kwetu si wazo la kuletewa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani yetu inapima kumbukumbu kuliko uwezo wa kufikiri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu.

Kwenye karatasi tumeshashinda. Vyuo vya kati vya Tanzania vinafuata mitaala ya umahiri chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka kila programu ya chuo kikuu itaje matokeo yake ya ujifunzaji. Kenya nayo ina mamlaka ya elimu ya ufundi (TVETA), baraza la mitaala na upimaji wa ufundi (CDACC) na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Shida iko kati ya karatasi na kijana anayeingia kazini Jumatatu asubuhi.

Hatua ya 1: Matokeo yaandikeni hotelini

Wakusanye wahadhiri, wapeleke Morogoro au Bagamoyo kwa wiki moja, posho iwe tayari, na kila mmoja awe na orodha ya vitenzi vya Bloom. Asialikwe mtu yeyote anayeifanya kazi inayofundishwa. Chukueni moduli ya zamani, futeni "kufahamu", wekeni "kuchambua". Mada zibaki zilezile, kwa mpangilio uleule, na mwaka wa kuchapishwa tu ndio ubadilike.

Benjamin Bloom na wenzake walipochapisha mpangilio wao wa malengo ya elimu mwaka 1956 walikuwa watu wa mitihani. Walitaka watahini wa vyuo mbalimbali waelewane wanaposema swali hili ni la kukumbuka, lile ni la kutumia maarifa, na lile jingine ni la kutathmini. Mpangilio huo ulikusudiwa kuyapanga maswali, na anayeugeuza kuwa pambo la kurasa za mwanzo za mtaala anaunyang'anya kazi yake.

Dawa ni kuanzia nje ya chuo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilipoipitia mitaala yake kati ya mwaka 2008 na 2011, kazi hiyo ilikwenda pamoja na kuwafuatilia wahitimu wake waliokuwa tayari kazini. Programu zake za umahiri zikaanza kufundishwa mwaka 2011. Idara yoyote inaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo kuliko ya hoteli. Mkaribishe muuguzi kiongozi wa wadi, mhasibu wa halmashauri, fundi mkuu wa mamlaka ya maji. Muulize swali moja tu: vijana wetu wakija kwako, wiki ya kwanza wanakwama wapi? Majibu yake ndiyo rasimu ya kwanza ya mtaala.

Hatua ya 2: Yaongezeni mpaka yasishikike

Matokeo matano ni hatari, kwa kuwa mwalimu anaweza kuyakumbuka na mwanafunzi anaweza kuyadai. Andikeni sitini.

Afrika Kusini ilijaribu. Mwaka 1997 ilizindua mtaala wa shule ulioitwa Curriculum 2005, ukaingia madarasani mwaka 1998 ukiwa na matokeo mahususi 66 katika maeneo manane ya kujifunzia. Profesa Jonathan Jansen alionya mapema kwamba lugha yake ilikuwa ngumu mno na ulikuwa unamtaka mwalimu kuwa na uwezo na vifaa asivyokuwa navyo. Kamati iliyoongozwa na Linda Chisholm mwaka 2000 ikapendekeza upunguzwe na uandikwe kwa lugha nyepesi. Kufikia mwaka 2010 serikali ilikuwa imetangaza kuachana na elimu ya namna ile. Nchi ile ilikuwa na sababu njema kuliko zote, kuufuta mtaala wa ubaguzi wa rangi, na bado wingi wa maneno ukaizidi nguvu nia njema. Aliyeumia zaidi ni mwalimu wa shule maskini.

Dawa: kila moduli iwe na matokeo matatu au manne, yaandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kumsomea mzazi wake na wakaelewana.

Hatua ya 3: Mtihani usiguswe

Hii ndiyo hatua kuu. Mwenye haraka aziache nyingine zote, hii peke yake inaua. Badilisha mtaala, badilisha vitabu, badilisha hata jina la shahada, lakini swali la kwanza la mtihani libaki "Taja" na la pili "Eleza kwa kifupi".

Wanafunzi wetu si wajinga. Mtaala wa chuo hawausomi, wanasoma pasti pepa. Anayetaka kujua chuo kinafundisha nini aende kwenye duka la fotokopi karibu na geti la chuo, aulize madesa ya mwaka wa pili. Atapewa rundo la mitihani ya miaka iliyopita na majibu yake yakiwa yamepangwa kwa namba. Huo ndio mtaala halisi, na kijana anayeumeza anafanya jambo la busara kabisa. Anajifunza kile ambacho chuo kimemwonyesha kwa vitendo kuwa ndicho chenye thamani.

Tuchukue mfano wa kozi ya uuguzi. Matokeo yaliyoandikwa: mhitimu ataweza kupima shinikizo la damu kwa usahihi na kuchukua hatua inayofaa. Swali la mtihani: "Taja mambo sita yanayoweza kuathiri kipimo cha shinikizo la damu." Mwanafunzi anaandika sita, anapata sita. Sasa mpeleke wadini. Mgonjwa ndiyo kwanza amefika akihema baada ya kupanda ngazi, naye anaanza kumpima papo hapo bila kumpumzisha dakika tano. Mkanda wa mashine anaufunga juu ya mkono wa sweta. Mkono wa mgonjwa unaning'inia chini ya usawa wa moyo. Hewa anaiachia upesi, sindano inashuka kwa kuruka, sauti ya kwanza inampita. Anaandika namba kwenye faili. Daktari ataiamini namba ile, na mama wa watu ataanzishiwa dawa za presha, pengine za maisha yake yote. Yale mambo sita yote yametokea mbele ya macho ya kijana aliyeyataja vizuri kwenye karatasi.

Dawa yake ina umri wa nusu karne. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, alieleza mtihani wa vituo ambao vyuo vya afya huuita OSCE. Mwanafunzi anapita kituo kimoja baada ya kingine kwa dakika chache. Hapa anampima mgonjwa, pale anafunga kidonda, kwingine anamweleza mzazi namna ya kumpa mtoto dawa. Kila kituo kina mtahini mwenye orodha ya mambo ya kutazama, na wote wanapimwa kwa orodha ileile.

Fani nyingine hazina kisingizio. Mwanafunzi wa uhasibu mpe daftari la fedha na taarifa ya benki zisizolingana, mwambie atafute tofauti na aeleze imetoka wapi. Wa sheria mpe maelezo ya mteja anayejikanyaga, aandike hati ya madai. Wa uhandisi mpe mchoro wenye kosa, aseme ni wapi jengo litapasuka na kwa nini. Maswali hayo yanaweza kuulizwa kwenye ukumbi uleule, kwa saa tatu zilezile, na mwanafunzi aruhusiwe kuingia na daftari lake. Swali linalojibiwa kwa kunakili daftari halikuwa swali la chuo kikuu. Insha ya nyumbani nayo, ambayo siku hizi ChatGPT inaiandika kwa dakika moja, ifuatwe na mazungumzo mafupi: kaa hapa, nieleze umefikaje kwenye aya hii.

Mtafiti wa elimu John Biggs aliandika mwaka 1996 kwamba matokeo, ufundishaji na upimaji vinapaswa kuelekea upande mmoja. Kati ya vitatu hivyo, upimaji ndio wenye nguvu ya kuvuta vingine. Ukibadilika mtihani, madesa yatabadilika mwaka unaofuata, na wanafunzi wenyewe watamdai mhadhiri awafundishe kufanya.

Hatua ya 4: Vifaa vibaki kabatini

Darubini mpya zifike, zipigwe picha na mgeni rasmi, kisha zifungiwe stoo zikiwa na nailoni yake zisije zikaharibika. Ufunguo akae nao mtu mmoja mwenye safari nyingi.

TCU inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa shahada ya kwanza una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Ndani yake mnatakiwa kuwemo mihadhara, mazoezi, kujisomea na kazi za mikono. Ratiba zetu hutaja mihadhara, na hayo mengine huachiwa bahati. Najua madarasa yamejaa na fedha hazitoshi. Kwa sababu hiyohiyo vifaa vilivyopo visilale. Maabara ifunguliwe jioni na Jumamosi, vikundi vipeane zamu, na fundi wa maabara aajiriwe na aheshimiwe kama mwalimu, kwa kuwa ndiye anayesimama karibu na mkono wa mwanafunzi. Darubini iliyoharibika kwa kutumiwa imefundisha mtu.

Hatua ya 5: Fildi iwe likizo

Mpe mwanafunzi barua, mpe kijitabu cha kumbukumbu za kila siku, mtakie safari njema. Msimamizi wa chuo amtembelee mara moja, asalimie, apige picha mbele ya bango la ofisi, awahi gari.

Kifungue kijitabu hicho mwishoni mwa wiki nane. Kurasa zote zina wino mmoja na mwandiko wa mkao mmoja. Jumatatu: "Nilijifunza shughuli za ofisi." Jumanne: "Niliendelea kujifunza shughuli za ofisi." Sahihi za msimamizi wa kazi zimeteremka kwa mstari mmoja mnyoofu, zote za siku moja, na muhuri umegongwa ukiwa na tarehe ya juzi. Kijana alikuwa akitumwa fotokopi na kununua vitafunwa, na wiki ya mwisho aliomba kijitabu kikamilishwe kwa kuwa chuo kinakihitaji. Chuo kinakipa alama 80.

Hakuna aliyefanya hila kubwa hapo. Msimamizi wa kazi ana kazi zake na hajaambiwa amfundishe nini kijana. Mhadhiri ana wanafunzi wengi waliotawanyika mikoa mitano. Kijana anaogopa kudai asije akaonekana mjuaji.

Dawa ni kumtuma na kazi anayoijua. Kabla hajaondoka, chuo na ofisi inayompokea waandike mambo matatu ambayo lazima ayafanye kwa mkono wake, kwa mfano kuandaa hati ya malipo toka mwanzo hadi mwisho, kufunga hesabu za mwezi mmoja, kushiriki kuhesabu mali ghalani. Arudi na vielelezo. Siku ya kurudi, akae mbele ya watu wawili aeleze alichofanya, kilichomshinda na alivyokitatua. Dakika kumi za mazungumzo hayo zitamfichua aliyekuwa akinunua vitafunwa, na zitamnyanyua aliyefanya kazi kweli akiwa ofisi ndogo ya kata isiyojulikana.

Hatua ya 6: Alama zichanganywe kwenye sufuria moja

Kazi za muhula 40, mtihani wa mwisho 60, jumlisha, bandika ubaoni. Yeyote atakayevuka mstari amefaulu.

Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania mgawanyo ndio huo, na una ubaya mmoja usioonekana kwa macho: wastani unaficha. Kijana aliyepata alama nzuri sana kwenye nadharia na akashindwa kabisa kuandaa vifaa visivyo na vijidudu anatoka na daraja B. Mwenzake aliyekuwa mzuri kila mahali isipokuwa swali moja la nadharia anatoka na B ileile. Mwajiri anaona B mbili. Mgonjwa hataona herufi, ataona kidonda kilichotunga usaha.

Dawa ni kutenganisha. Kila moduli ina jambo moja au mawili ambayo hayapaswi kufidiwa na alama za jambo jingine. Mwanafunzi asiyelifikia arudie hilo tu, afundishwe tena, ajaribu tena, hadi aweze. Kwenye mfumo wa CDACC wa Kenya, mwanafunzi hutathminiwa kwa vipimo vya umahiri na jalada la ushahidi wa kazi zake, na ambaye hajafika huambiwa kwamba bado hajawa mahiri. Naipenda hiyo "bado". Inatambua kwamba watu hujifunza kwa mwendo tofauti, na inakiachia chuo wajibu wa kuendelea kufundisha. Kwetu kijana hupewa sapu ya somo zima, anameza madesa yaleyale likizo nzima, anavuka kwa alama mbili, na lile asiloweza anakwenda nalo kazini.

Hatua ya 7: Mkaguzi apokewe kwa makabrasha

Ithibati ikikaribia, pakeni rangi, pangeni mafaili kwa rangi zake, chapeni jedwali linaloonyesha kila tokeo limefundishwa wiki gani. Mkaguzi ale vizuri, asaini, aondoke.

Mkaguzi anayejali aombe vitu vitatu: karatasi za mitihani ya miaka mitatu, majibu ya wanafunzi yaliyosahihishwa, na nusu saa na wanafunzi kumi bila mkuu wa idara kuwapo. Uongozi wa chuo nao uangalie unampandisha cheo nani. Ikiwa makala za majarida ndizo zinazompa mhadhiri uprofesa, na miezi aliyotumia kutunga mtihani wa vitendo haiandikwi popote, basi chuo kimeshamwambia asihangaike.

Hatua ya 8: Lisilopimika litupwe

Hatua ya mwisho ni kwa wale wanaoupenda mtaala huu hadi wanaunyonga. Geuza chuo kikuu kuwa orodha ya kazi za ofisini. Mshairi, mwanafalsafa na mwanahistoria waambiwe wataje wazi mwanafunzi wao ataweza "kufanya" nini ifikapo wiki ya kumi na tano, na wasipoweza, kozi zao zifutwe.

Lawrence Stenhouse wa Uingereza aliliona hilo mwaka 1975. Alitetea kwamba elimu ya kweli humfikisha mtu mahali ambapo mwalimu wake hakuweza kupatabiri. Ana haki. Anayesoma historia ya Vita vya Majimaji anaweza kuuliza swali ambalo mwalimu wake hajawahi kulisikia, na swali hilo ndilo tunda bora la kozi nzima.

Lakini hilo halimpi mwanahistoria ruhusa ya kuuliza "Taja sababu tano za Vita vya Majimaji" kwa miaka ishirini. Mpe mwanafunzi barua ya ofisa wa Kijerumani na simulizi ya wazee wa Umatumbi kuhusu tukio lilelile, umwombe aseme zinagombana wapi na yeye anaamini nini kwa ushahidi gani. Hapo tokeo lipo, ni kusoma ushahidi kwa jicho kali, na mlango wa asichokitarajia mwalimu umebaki wazi. Matokeo yaweke sakafu ambayo kila mhitimu ataifikia. Dari yasiweke.

Kwa asiyetaka kuua

Nimezitaja hatua nane, lakini nguvu zote ziko kwenye ya tatu. Sera tunazo. Mabaraza ya kusimamia tunayo. Tusichokuwa nacho cha kutosha ni maswali ya mitihani yanayomtaka mwanafunzi afanye kile tulichoahidi kwamba atakiweza. Hilo halihitaji mradi wa wafadhili wala semina Morogoro. Kutunga mtihani wa muhula huu ni kazi ya mhadhiri mwenyewe, na kalamu anayo.

Basi, ndugu mhadhiri, kabla hujapeleka mtihani wako kwa mkuu wa idara, weka ahadi za moduli upande mmoja na maswali upande mwingine. Tafuta swali moja lililoanza na "Taja" na ulibadilishe liwe kazi. Muhula ujao ubadilishe la pili. Wanafunzi watalalamika kwamba halikuwamo kwenye pasti pepa. Wasikilize kwa upole, waonyeshe namna ya kulifanyia mazoezi, wala usilirudishe. Wazazi wao wameuza ng'ombe na mashamba ili watoto waweze kitu, na waliosoma kwa mikopo watakatwa kwenye mishahara yao kwa miaka mingi. Wanastahili kuondoka chuoni wakiwa wanakiweza kitu hicho.